Nairobi na Namba Yake: 4,397,073 Ni Namba ya Namna Gani?

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 watu wa Kenya walihesabiwa. Makarani wa sensa walipita nyumba hadi nyumba, kuanzia vyumba vya Kawangware hata majumba ya Parklands, nao waliendelea na kazi hiyo mpaka tarehe 31 ya mwezi ule. Kila mwenye nyumba aliulizwa swali moja kubwa: ni nani waliolala humu usiku ule? Tarehe 4 Novemba 2019 jumla zikatangazwa. Kenya nzima ilikuwa na watu 47,564,296, na Kaunti ya Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073.

Wengi walioisikia namba hiyo ya Nairobi walisema, "Watu ni wengi mno," kisha wakaendelea na shughuli zao. Si ajabu, maana namba kubwa ni kama mlima unaoonekana kwa mbali: mtu huuona ukubwa wake tu, asione mabonde wala njia zilizomo. Lakini kila namba ina umbo lake, ina jamaa zake, tena ina tabia ambazo mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi aweza kuzichunguza. Kuzijua tabia hizo si mchezo wa bure. Kwa tabia hizo karani hugundua kosa katika hesabu yake, na mwananchi hujua kama namba aliyopewa yaaminika. Hali kadhalika, kuna jambo moja ambalo hesabu peke yake haiwezi kuligundua, nalo litaelezwa mwishoni.

KUISOMA NAMBA

Namba 4,397,073 ina tarakimu saba. Kila tarakimu hupata thamani yake kwa mahali ilipokaa. Kuanzia mkono wa kulia, 3 ni mamoja, 7 ni makumi, sifuri ni mamia, 7 ya pili ni maelfu, na kuendelea hivyo mpaka 4, ambayo ni mamilioni. Husomwa milioni nne, mia tatu tisini na saba elfu, na sabini na tatu. Wafanyabiashara wa pwani, waliozoea kuhesabu kwa laki, wangesema laki arobaini na tatu, elfu tisini na saba, na sabini na tatu. Maana laki moja ni 100,000. Maneno ni mengine, namba ni ile ile.

Sifuri iliyo mahali pa mamia yastahili kutazamwa. Mtu asiyejua kazi yake aweza kudhani kwamba, kwa kuwa haina kitu, yaweza kuachwa. Lakini ikiachwa, namba itakuwa 439,773, na zaidi ya watu milioni tatu na nusu watakuwa wamepotea kwa kalamu moja. Nairobi itakuwa imerudi nyuma hata kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa mwaka 1969, walipohesabiwa watu 509,286. Sifuri haihesabu mtu yeyote, lakini hulinda nafasi za wengine.

Mwaka 1979 Nairobi ilikuwa na watu 827,775, namba ya tarakimu sita. Mwaka 1989 walikuwa 1,324,570, na hapo ndipo mji ulipoingia katika namba za tarakimu saba. Mwaka 1999 walikuwa 2,143,254, na mwaka 2009 walikuwa 3,138,369. Basi kati ya mwaka 2009 na mwaka 2019 watu 1,258,704 waliongezeka. Ongezeko hilo la miaka kumi tu lapita hesabu ya mji mzima wa mwaka 1979.

MAFUNGU YA MJI

Jumla ya Nairobi haikuandikwa mara moja kama ilivyo. Ilijengwa kwa kujumlisha kaunti ndogo kumi na moja, nazo hesabu zake za mwaka 2019 zilikuwa hizi: Embakasi 988,808, Kasarani 780,656, Njiru 626,482, Dagoretti 434,208, Westlands 308,854, Kamukunji 268,276, Starehe 210,423, Mathare 206,564, Lang'ata 197,489, Makadara 189,536, na Kibra 185,777.

Katikati ya mji, penye maduka, benki na ofisi, pamo katika Starehe. Upande wa magharibi ziko Westlands, yenye Parklands na Kangemi, na Dagoretti, yenye Kawangware, Riruta na Waithaka. Kaunti ndogo hizo tatu peke yake zilikuwa na watu 953,485.

Yamkini mtu aliyezoea kusukumana na watu katika barabara ya Tom Mboya saa kumi na moja jioni atashangaa kuona Starehe ina watu wachache kuliko Dagoretti. Sababu ni kwamba sensa haihesabu watu mahali wanapofanya kazi, bali mahali walipolala. Mchuuzi ashindaye mjini kutwa na kurudi Kangemi usiku alihesabiwa Kangemi. Hivyo hakuna mtu anayepaswa kuonekana mara mbili, na hakuna anayepaswa kukosekana.

SHUFWA NA WITIRI

Swali la kwanza la kuiuliza namba yoyote ni hili: je, ni shufwa au witiri? Namba shufwa ni zile zinazogawanyika kwa mbili bila baki, kama 2, 4, 6 na 8. Namba witiri ni zile zinazobakiza moja, kama 1, 3, 5 na 7. Namba ikiwa ndefu namna gani, jibu hutolewa na tarakimu ya mwisho peke yake. Namba ya Nairobi yaishia kwa 3. Kwa hiyo ni witiri. Watu wote wa mji wakitakiwa kusimama wawili wawili, mmoja atabaki hana mwenzake. Namba ya Kenya nzima, 47,564,296, ni shufwa. Tena yagawanyika kwa nane bila baki.

Swali la pili ni kama namba yagawanyika kwa tatu. Hapa tarakimu zote hujumlishwa: 4 na 3 na 9 na 7 na 0 na 7 na 3 ni 33. Jumla hiyo ikigawanyika kwa tatu, namba yenyewe nayo yagawanyika. Kwa kuwa 33 ni tatu mara kumi na moja, namba ya Nairobi yagawanyika kwa tatu, na kila fungu litapata watu 1,465,691.

Sababu ya kanuni hii yaeleweka kwa mfano wa fedha. Shilingi kumi ni shilingi tisa na moja. Shilingi mia ni tisini na tisa na moja. Shilingi elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Tisa, tisini na tisa, na mia tisa tisini na tisa zote zagawanyika kwa tatu na kwa tisa. Ukiziondoa, kila kumi, kila mia na kila elfu huacha moja tu. Basi kinachobaki ni jumla ya tarakimu. Kanuni ya kugawanya kwa tisa ni hiyo hiyo. Lakini 33 haigawanyiki kwa tisa, kwa hiyo namba ya Nairobi haigawanyiki kwa tisa. Haigawanyiki kwa tano wala kwa kumi pia, maana haiishii kwa 5 wala kwa sifuri.

NAMBA TASA

Je, lile fungu la 1,465,691 laweza kugawanyika tena? Hapo twafika kwenye namba ziitwazo tasa. Namba tasa ni namba kubwa kuliko moja isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba tasa haikuzaliwa na namba nyingine kwa kuzidishana. Namba nzima nyingine zote zilizopita moja hujengwa kwa namba tasa, kama nyumba ijengwavyo kwa mawe. Na kila namba ina mawe yake, hayabadiliki. Kumi na mbili, kwa mfano, ni 2 mara 2 mara 3, wala haiwezi kujengwa kwa tasa nyingine.

Namna ya kuzitafuta namba tasa yajulikana tangu zamani sana. Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi iitwayo leo Libya, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, hukumbukwa kwa njia yake iliyo kama chekeche. Namba huandikwa kwa mfuatano. Kisha hufutwa zote zilizo mafungu ya mbili, halafu mafungu ya tatu, ya tano, na kuendelea. Zinazobaki juu ya chekeche ndizo tasa.

Ili kuipima 1,465,691, si lazima kujaribu namba zote zilizo chini yake. Namba ikigawanyika kwa kigawo kikubwa, lazima igawanyike na kwa kigawo kidogo kinachokwenda nacho. Kwa hiyo yatosha kujaribu mpaka pale namba ikizidishwa kwa yenyewe inapokaribia ile inayopimwa. Kwa kuwa 1,210 mara 1,210 ni 1,464,100, na 1,211 mara 1,211 ni 1,466,521, mwisho wa safari ni 1,210. Namba tasa zisizopita hapo ni 197. Mwenye subira akizijaribu moja moja, kila mara ataona baki. Basi 1,465,691 ni namba tasa.

Kwa hiyo namba ya Nairobi ni 3 mara 1,465,691, yaani zao la namba tasa mbili, wala haina njia nyingine. Vigawo vyake ni vinne tu: 1, 3, 1,465,691 na yenyewe. Mji wote ungetakiwa kugawanywa katika mafungu yaliyo sawa kabisa, mafungu ya maelfu ya watu, mgawo ungekuwa mmoja tu: mafungu matatu. Si mawili, si manne, si kumi.

Namba za aina hii, zilizo zao la tasa mbili, zina kazi kubwa duniani. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walibuni njia ya kufunga siri kwa namba kama hizo. Kuzidisha tasa mbili ni rahisi, lakini kurudi nyuma, kutoka kwenye zao mpaka kuzipata tasa zenyewe, ni kazi ngumu mno namba ikiwa ndefu. Namba za kufuli hizo huwa na mamia ya tarakimu. Namba ya Nairobi yenye tarakimu saba ingefunguliwa na mtoto wa shule kwa kujumlisha tarakimu zake. Hata hivyo ni za kabila moja.

TIMILIFU, PUNGUFU NA ZENYE ZIADA

Wayunani wa kale walikuwa na mgawanyo mwingine. Walivijumlisha vigawo vya namba, wakaiacha namba yenyewe, wakatazama jumla. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Namba kama hiyo waliiita timilifu. Namba 28 nayo ni timilifu. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba, namba ni pungufu. Ikiwa kubwa kuliko namba, namba ina ziada.

Namba ya Nairobi ni pungufu sana, maana 1 na 3 na 1,465,691 ni 1,465,695 tu, kiasi cha theluthi moja yake. Westlands, 308,854, nayo ni pungufu, ingawa ina vigawo kumi na sita. Hiyo ni zao la 2, 7, 13 na 1,697. Lakini Dagoretti, 434,208, ina ziada. Ina vigawo ishirini na vinne, nayo yagawanyika sawasawa kwa 2, 3, 4, 6, 8, 12, 16, 24, 32, 48 na 96. Jumla ya vigawo vyake, bila yenyewe, ni 705,840.

Yafaa ikumbukwe kwamba majina haya ni ya namba, si ya watu. Dagoretti haikuwa tajiri kwa kuwa namba yake ina ziada, wala Westlands haikuwa maskini kwa kuwa namba yake ni pungufu. Atakayemwambia mtu kwamba namba fulani ina bahati au ina nuksi, na amwonyeshe kwanza hesabu yake.

MTU MMOJA TU

Sasa na itazamwe ajabu moja. Tuseme kwamba usiku ule mtu mmoja wa Riruta alijificha, au karani alisahau kubisha mlango mmoja wenye mpangaji mmoja. Namba ya Nairobi ingekuwa 4,397,072. Kwa macho ni ile ile. Hakuna gazeti ambalo lingebadili habari zake. Lakini tabia ya namba ingegeuka kabisa. Isingekuwa witiri, bali shufwa. Isingegawanyika kwa tatu tena. Badala yake ingegawanyika kwa mbili, kwa nne, kwa nane, hata kwa kumi na sita, kila fungu likapata watu 274,817.

Katika namba ya zaidi ya milioni nne, mtu mmoja aliibadili namba nzima na kuihamisha kutoka kabila moja hadi kabila jingine. Mwenye kusema, "Mimi ni mmoja tu, nikikosekana haidhuru," hajaielewa hesabu.

KUTUPA TISA

Tabia za namba zatumika vipi kugundua makosa? Njia moja ya zamani, iliyotumiwa na wanahesabu wa Kihindi na wa Kiarabu karne nyingi zilizopita, ni kutupa tisa. Tarakimu za kila namba hujumlishwa mpaka ibaki tarakimu moja. Westlands ni 3 na 0 na 8 na 8 na 5 na 4, yaani 28. 2 na 8 ni 10. 1 na 0 ni 1. Basi alama ya Westlands ni 1.

Kwa njia hiyo alama za kaunti ndogo zote ni hizi: Embakasi 5, Kasarani 5, Njiru 1, Dagoretti 3, Westlands 1, Kamukunji 4, Starehe 3, Mathare 5, Lang'ata 2, Makadara 5 na Kibra 8. Jumla ya alama ni 42, na 4 na 2 ni 6. Alama ya jumla ya Nairobi ni 33, na 3 na 3 ni 6. Zimelingana. Kama zisingelingana, ingejulikana mara moja kwamba pana kosa mahali fulani, bila kurudia kujumlisha namba zote kumi na moja.

Lakini njia hii ina udhaifu, na asiyeujua atadanganyika. Tuseme mwandishi anayenakili orodha amegeuza tarakimu mbili za Dagoretti, na badala ya 434,208 ameandika 432,408. Tarakimu ni zile zile, kwa hiyo alama ni ile ile, 3. Kutupa tisa kutasema kwamba mambo ni sawa, na kumbe watu 1,800 wamepotea, hesabu ya kutosha kujaza shule kubwa mbili au zaidi. Kosa la kugeuza tarakimu ni la kawaida sana kwa mkono uliochoka.

Dawa yake ni kupima kwa kumi na moja. Hapa mtu huanza mkono wa kulia, akashika tarakimu ya kwanza, akatoa ya pili, akaongeza ya tatu, akatoa ya nne, na kuendelea vivyo hivyo. Jibu likiwa chini ya sifuri huongezwa 11. Likifika 11 au kupita, hupunguzwa 11. Dagoretti iliyo sahihi ni 8 toa 0, ongeza 2, toa 4, ongeza 3, toa 4: jibu ni 5. Ile iliyogeuzwa ni 8 toa 0, ongeza 4, toa 2, ongeza 3, toa 4: jibu ni 9. Kosa limeonekana.

Kaunti ndogo zote zikipimwa hivyo kwa utaratibu ule ule, kuanzia Embakasi hata Kibra, alama zake ni 7, 8, 10, 5, 7, 8, 4, 6, 6, 6 na 9. Jumla ni 76. Ukitoa 11 mara sita, yabaki 10. Namba ya Nairobi nayo yatoa 10. Kwa mitihani yote miwili, orodha imesimama.

Katika sensa ya mwaka 2019 makarani hawakuandika kwenye karatasi, bali kwenye vishikwambi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nchini Kenya. Hivyo kazi ya kunakili kwa mkono ilipungua. Lakini namba ikishatangazwa hunakiliwa tena na tena, katika barua, katika vitabu vya shule na katika maombi ya fedha. Kwa sababu hiyo mitihani hii ya kalamu haijapitwa na wakati. Mwekahazina wa chama cha akiba aweza kuitumia kwa daftari lake, na mwenye duka kwa hesabu zake za mwezi.

MAMBO YANAYOTEGEMEA NAMBA

Namba ya watu si pambo la kitabu. Kwa namba hiyo hukadiriwa shule, zahanati na maji. Na katika kugawa fedha kwa kaunti, idadi ya watu imekuwa moja ya vipimo vikubwa. Hata uwakilishi Bungeni hupimwa kwayo. Katiba ya mwaka 2010 iliweka maeneo bunge 290. Ukiwagawanya watu wote wa mwaka 2019 kwa 290, kila eneo bunge lapata karibu watu 164,015. Katiba yaruhusu eneo lililo katika jiji lipite kiasi hicho, lakini lisizidi sehemu arobaini kwa mia; maana yake lisipite watu 229,621 hivi. Sasa Nairobi ina maeneo bunge 17. Ukiwagawanya watu wake kwa 17, kila eneo lapata wastani wa watu 258,651, na sita wanabaki. Kila mtu aweza kuona mwenyewe ni namba ipi iliyo kubwa. Bila hesabu iliyo sahihi, jambo kama hilo lisingeweza hata kuzungumzwa.

Kwa kuwa mengi yategemea namba, watu hugombana juu yake. Baada ya sensa ya mwaka 2009, Serikali ilitangaza mwezi wa Agosti 2010 kwamba imeyafuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini na kaskazini-mashariki, kwa sababu watu walionekana kuongezeka kupita kiasi kinachoweza kuelezwa kwa uzazi na vifo. Na jambo hilo likafika mahakamani. Hapo mtihani uliotumika haukuwa wa tisa wala wa kumi na moja. Namba zenyewe zilijumlishwa vizuri. Swali lilikuwa kama watu walioandikwa walikuwapo.

Na hili ndilo jambo lililotajwa mwanzoni. Hesabu yaweza kulinda kile kilichoandikwa. Yaweza kugundua tarakimu iliyogeuzwa, sifuri iliyodondoka na jumla isiyolingana. Lakini haiwezi kumwona mtu ambaye hakuandikwa kabisa. Namba 4,397,072 ingepita mitihani yote kama Riruta ingekuwa na pungufu la mtu mmoja tangu mlangoni. Mafungu yangelingana na jumla, na hakuna kalamu ambayo ingelalamika. Vilevile haiwezi kumfukuza mtu wa uongo aliyeandikwa kwa hila.

HODI MLANGONI

Mtu akitoka katikati ya mji kwenda Westlands hupita Chiromo, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha hisabati. Huko vijana hujifunza habari za namba tasa na vigawo kwa undani kuliko ilivyoelezwa hapa. Lakini elimu yao yote yaanza pale pale aanzapo karani wa sensa: moja, na moja, na moja.

Sensa za Kenya zimefuatana kila miaka kumi tangu mwaka 1969, na desturi hiyo ikiendelea, ijayo itakuwa mwaka 2029. Namba ya Nairobi itakuwa nyingine. Labda itakuwa shufwa, labda witiri. Labda itagawanyika kwa wengi kama ya Dagoretti, au itakuwa tasa, isikubali kugawanywa na yeyote. Hilo hakuna awezaye kulichagua. Lakini karani atakapopiga hodi usiku, kila mwenye nyumba aweza kuhakikisha jambo moja: kwamba waliolala humo wametajwa wote, mtoto mchanga, mgeni na mpangaji wa chumba cha nyuma, wala hakuna aliyeongezwa. Kazi ya kujumlisha ni ya makarani. Ukweli wa ile moja ya kwanza ni wa mwenye nyumba.